Kadi ya saba: shajara ya kitenzi kilichonigomea

Nafundisha Kiingereza cha jioni Kihesa, hapa Iringa mjini. Tangu Aprili natengeneza kadi ishirini za vitenzi vya hesabu na ulinganisho, kila kitenzi kadi yake: mbele kitenzi, nyuma maana kwa Kiswahili, sentensi tatu na mtego mmoja wa kuangalia. Kadi sita za kwanza zilikwisha ndani ya wiki mbili, sina la kusimulia juu yake. Ya saba ni "outnumber", na hiyo ndiyo imenipa kazi. Naandika kila hatua inapokwisha, na hela niliyotumia, ili anayetaka kuiga asipite nilipochomwa mimi.

Jumatatu, 5 Mei 2025

Wanafunzi kumi na wanne, chumba cha mbele cha nyumba ya shangazi, mabenchi manne. Wengi ni bodaboda na wauza sokoni, na wako vijana watatu wanaotaka kazi ya kuongoza watalii Ruaha. Nimenunua manila sita kwa 700 kila moja na maka peni mbili kwa 1,000 kila moja. Jumla 6,200.

Nikaandika kitenzi ubaoni, nikawaacha wakisie. Kijana wa bodaboda akawahi: "Kutoa namba nje." Darasa likacheka, ila mimi nilimsifu, maana alikuwa amelivunja neno mahali penyewe. "Number" ndiyo hiyo hiyo namba yetu, tuliichukua huko huko. Alichokosea ni kipande cha mbele. "Out" ikisimama peke yake ni nje, lakini ikigandishwa mbele ya kitenzi mara nyingi inabeba maana ya kupita, kumwacha mwenzako nyuma. "Run" ni kukimbia, "outrun" ni kumwacha mtu kwa mbio. "Live" ni kuishi, "outlive" ni kuishi hata baada ya mwenzako kufa. Kwa hiyo "outnumber" ni kumwacha mwenzako kwa idadi. Waingereza wanalo neno hili tangu karne ya 17, si la jana.

Tafsiri ya kwanza niliyoandika kwenye kadi: *kushinda kwa wingi*. Sentensi ya mfano nikaitoa hapa hapa nyumbani: Lugalo, tarehe 17 Agosti 1891, watu wa Mkwawa walipokivizia kikosi cha Wajerumani cha Zelewski. Wahehe walikuwa wengi kuliko kikosi kile, na Zelewski mwenyewe aliuawa siku hiyo. Kwa Kiingereza: "The Hehe outnumbered the Germans." Mtoto wa Iringa huhitaji kumwelezea Lugalo. Wote kumi na wanne wakaielewa mara moja, nikafunga daftari nikiamini kadi imekwisha.

Ijumaa, 9 Mei

Haijakwisha.

Leo nilileta sentensi ya mpira. Timu yetu imepata bahati, wapinzani wametolewa wachezaji wawili kwa kadi nyekundu, sisi tumebaki kumi na moja na wao tisa, halafu tumefungwa. "We outnumbered them, but we lost." Darasa zima likaniambia nimekosea. Mmoja akasema wazi: "Mwalimu, huwezi kushinda halafu ukafungwa."

Na kwa kadi yangu alikuwa na haki. Nimeandika *kushinda*, na kushinda kwa Kiswahili kuna kombe ndani yake. Kitenzi hiki hakijui nani alibeba kombe. Kinahesabu vichwa, basi, kinakwenda zake. Wengi wanaweza kupigwa na wachache na kitenzi kikabaki kweli.

Kilichoniuma ni kwamba mfano wangu wa Lugalo ndio ulioficha kosa. Pale walio wengi ndio pia walioshinda, kwa hiyo tafsiri mbovu ilipita bila kukwaruzwa. Ukiiga kazi hii, usijaribu tafsiri yako kwa mfano mmoja unaoupenda. Tafuta mfano ambao walio wengi wameshindwa, uone kama tafsiri bado inasimama. Nimeifuta kadi, manila moja imekwenda.

Ijumaa, 16 Mei

Tafsiri ya pili: *kuzidi*. Niliipenda sana kwa sababu ya mwendo wake. "Wasichana wanawazidi wavulana", "Girls outnumber boys": mtendaji, kitenzi, mtendwa, hakuna kiunganishi katikati. Nikawaambia kila mtu atunge sentensi tatu nyumbani.

Daftari zilizorudi Jumatano ningeziweka kwenye fremu. Kwa Kiswahili chake kila sentensi ilikuwa sahihi. Kaka yangu amenizidi miaka mitatu, kwa hiyo "My brother outnumbers me three years." Mvua imezidi, kwa hiyo "The rain outnumbered." Mama wa viazi aliandika kwamba mume wa jirani yake amemzidi ujanja mkewe, nikaacha kusoma kwa sauti. Na ile iliyonimaliza kabisa, ya kijana wa bodaboda ambaye bibi yake alikuwa amelazwa: mgonjwa amezidiwa, "The patient is outnumbered."

Pale nikaona ukubwa wa tatizo. *Kuzidi* kwetu ni gunia linalobeba kila kitu: umri, urefu, mali, akili, mvua, ugonjwa, hata tabia ("wewe umezidi!"). Kitenzi cha Kiingereza ni kibaba kidogo kinachopimia kitu kimoja tu, idadi ya vitu vinavyohesabika. Kaka ni mmoja na wewe ni mmoja, mmoja hawezi kumzidi mmoja kwa idadi. Mvua huihesabu. Mgonjwa aliyezidiwa amezidiwa na homa, na homa haina vichwa.

Halafu kulikuwa na kosa jingine limejificha ndani ya *-na-*. Kwa kuwa Kiswahili kinasema *wanazidi*, nusu ya darasa waliandika "are outnumbering". Hili ni la haraka: kitenzi kinaeleza hali ilivyo, si kazi inayofanyika sasa hivi, kwa hiyo karibu kila mara kinakuja kikavu, "outnumber". Pia waliandika "women outnumbers" kwa sababu "women" haina s mwishoni, wakaona kama ni mmoja. Nikasahihisha, nikapita.

Ijumaa, 23 Mei

Nimerudi kwenye maneno ya kawaida kabisa: *kuwa wengi kuliko*. Haina ushindi ndani yake, haina umri, haina homa. Mgonjwa hawezi kuwa wengi. Nikaona hapa ndipo penyewe.

Nikaenda steshenari mjini na faili kwenye simu. Kadi kumi na nne, mbili kwa karatasi, karatasi saba pande zote mbili, 200 kwa upande: 2,800. Halafu nikafanya kosa la mtu mwenye furaha, nikazilaminisha zote palepale, 500 kila kadi: 7,000. Jumla ya leo 9,800. Zinang'aa kweli.

Jumatatu, 26 Mei

Zinang'aa na zina makosa.

La kwanza ni la kwangu mwenyewe. Nyuma ya kadi nimeandika kwamba darasani kuna wasichana 24 na wavulana 8, wasichana ni mara tatu ya wavulana, kisha Kiingereza: "Girls outnumber boys by three." Nimesoma sentensi hiyo mara nne kabla ya kuchapa. Binti anayesoma uhasibu ndiye aliyeinua mkono: "Mwalimu, *by three* si ina maana wamezidi watatu? Mbona hapa wamezidi kumi na sita?"

Ndivyo. "By" ikifuatwa na namba tupu inataja tofauti, yaani baki ukitoa. Ukitaka uwiano, lazima namba ziwe mbili: "three to one", au "by three to one". Mimi nilichukua *mara tatu* nikaitia kwenye nafasi ya tofauti.

La pili ni la darasa, lakini chanzo ni kadi. Nimewapa *wengi kuliko*, nao wakaitafuta hiyo *kuliko* kwenye Kiingereza, wakaipata: "Girls outnumber than boys." Kumi kati ya kumi na wanne. *Kuliko* yetu inakaa vizuri na *wengi*, lakini "outnumber" imeshameza wingi na ulinganisho kwa pamoja, haina njaa ya "than".

Laminesheni haifutiki. Nimejaribu kisu, plastiki ikatoka na wino wake. Shilingi 9,800 zimekwenda na maji, na shangazi sasa anawekea kadi zangu vikombe vya chai. Sheria ya kuiga: usilaminishe kitu ambacho wanafunzi hawajakitumia angalau wiki mbili.

Ijumaa, 30 Mei

Hatua hii haikunigharimu kitu, na ndiyo iliyofundisha kuliko zote. Nimechota maharage na punje za mahindi jikoni kwa shangazi.

Maharage 24, punje 8, mezani. Maharage ndiyo wasichana, punje ndizo wavulana. Kwanza nikamwita kijana wa bodaboda apange mmoja kwa mmoja: harage moja, punje moja, harage moja, punje moja. Punje zikaisha, maharage kumi na sita yakabaki pembeni yamekaa peke yake. Nikamwambia azihesabu baki hizo kwa Kiingereza, kisha aseme: "Girls outnumber boys by sixteen." Baki ndiyo namba ya "by".

Kisha nikavuruga rundo, nikamwita mama wa viazi. Yeye aligawa: kila punje ipewe maharage kwa zamu, moja moja, mpaka yaishe. Akazungusha mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, mkono ukabaki mtupu. Mezani kulikuwa na vifungu vinane, kila kimoja punje moja imezungukwa na maharage matatu. "Girls outnumber boys three to one." Hakuna kilichobaki pembeni. Vitu vile vile, meza ile ile: ukitoa unapata kumi na sita, ukigawa unapata tatu kwa moja.

Tukarudia kwa maharage 10 na punje 5, kisha kwa 9 na 8. Hii ya mwisho ilikuwa nzuri kwa sababu kugawa hakukukaa sawa, harage moja likabaki limesimama, na wao wenyewe wakasema hapa afadhali kutumia "by one". Sikuwafundisha hilo, waliona mezani.

Na kuhusu *mara tatu zaidi*: niliuliza darasa, kama wavulana ni 8 na wasichana ni "mara tatu zaidi", wasichana ni wangapi? Wengine 24, wengine 32, na kila upande una hoja. Kwenye kadi naandika *kwa kila mvulana mmoja, wasichana watatu*. Ni ndefu, lakini haibishaniwi.

Ijumaa, 13 Juni

Baridi imeshika, wanafunzi wanaandika na makoti. Tumekaa wiki mbili bila kadi, ubao na maharage tu, nikikusanya makosa yaliyobaki. Yamebaki ya aina mbili, na moja ni yangu tena.

Nilitaka kutumia hesabu za kweli, nikachukua Sensa ya 2022. Watu 61,741,120: wanawake 31,687,990, wanaume 30,053,130. Nikaandika ubaoni kwa kujiamini: "The number of women outnumbers the number of men." Usiku nikiwa kitandani ndipo iliponichoma. Kiswahili chake ni safi, *idadi ya wanawake inazidi idadi ya wanaume*, lakini kitenzi hiki kina idadi yake tumboni. Ukimwekea nyingine nje unakuwa unasema idadi inazidi kwa idadi idadi. Wanaozidiana ni wanawake na wanaume wenyewe: "Women outnumber men." Ukiipenda sana "the number of", basi mpe "exceed", kadi ya sita, ambayo kazi yake ni kulinganisha namba na namba. Hata Waingereza huteleza hapa, ila kuteleza kwao hakusahihishi kadi yangu.

Tofauti yenyewe ni 1,634,860. Ukiisema kama uwiano, ni wanaume kama 95 kwa kila wanawake 100, kwa hiyo hakuna "two to one" hapo. Nikawapa "slightly outnumber", wamezidi kidogo. Kwa kuzidi sana kuna "far outnumber". Vijana wa Ruaha wakaichukua hiyo kwa mikono miwili: "Impala far outnumber lions." Mgeni yeyote anayetembea porini nusu siku atakubali.

Mmoja akaangalia jedwali la mikoa, akaona Mbeya ina watu 2,343,754 na Iringa 1,192,728, akaandika "Mbeya outnumbers Iringa." Hapana. Mbeya ni mkoa mmoja, Iringa ni mkoa mmoja, ngoma droo. Watu wake ndio waliozidi, karibu wawili kwa mmoja, na neno watu lazima litajwe.

Makosa ya aina ya pili yalitoka sokoni. "Rice outnumbers maize." Mchele hauhesabiki, unapimwa. Magunia ya mchele yanahesabika. Nikaeleza hivyo, na hapo mama wa viazi akaweka kalamu chini, akanisalimu kwa Kihehe.

"Mwalimu, kamwene kwanza."

"Kamwene, mama."

"Mimi nina magunia matatu ya viazi, lumbesa, yamejazwa kupita kawaida. Jirani yangu ana manne, ya kawaida, hayana hata kilemba. Nani kamzidi mwenzake?"

"Kwa kitenzi hiki, mama, ya jirani yameyazidi ya kwako."

"Na yangu yakiwa mazito?"

"Hata yakiwa mazito. Hiki hakina mizani, kinahesabu magunia tu."

"Basi aliyekitunga hajawahi kubeba gunia."

Nimeliandika nyuma ya kadi karibu neno kwa neno, maana ndiyo mtego wenyewe. Uzito una kitenzi chake, "outweigh", kadi ya nane, ndugu yake wa baba mmoja. Magunia manne "outnumber" matatu; lumbesa tatu zinaweza "outweigh" manne ya kawaida; na yote mawili yakawa kweli kwa siku moja, kwenye gari moja.

Ijumaa, 27 Juni

Kadi imekamilika. Nilichogundua, baada ya wiki karibu nane, ni kwamba hakuna neno moja la Kiswahili litakaloibeba. *Wengi kuliko* inatoa maana sahihi na kuharibu mpangilio wa sentensi. *Kuzidi* inatoa mpangilio sahihi na kuharibu maana. Nimeacha kuchagua, nimezitumia zote mbili, kila moja kwa kazi inayoiweza. Nyuma ya kadi sasa panasomeka hivi, chukua kama ilivyo:

*Maana: kuwa wengi kuliko (vichwa tu, si uzito, si umri, si ushindi).*
*Mwendo: kama "wanawazidi", bila kuliko.*
*Women outnumber men.*
*Girls outnumber boys by sixteen. Girls outnumber boys three to one.*
*We were outnumbered, but we won. (Tulizidiwa idadi, lakini tulishinda.)*
*Mtego: lumbesa tatu na magunia manne.*

Zingatia "tulizidiwa idadi". Neno idadi hapo lisidondoke, likidondoka tu msomaji anawaza wodi.

Nimechapa upya kwa 2,800, safari hii nikafunika kwa seloteipu, roli moja 1,500. Ukikosea unabandua. Gharama ya kadi hii peke yake: 6,200 za mwanzo, 9,800 zilizoishia chini ya vikombe, na 4,300 za leo, jumla 20,300. Bila laminesheni ile ingekuwa nusu yake na chenji.

Jaribio la mwisho limefanyika jioni hii, sentensi moja kila mtu, daftari zimefungwa. Kumi na wawili wamepata. Mmoja bado ameweka "than", mwingine ameandika "outnumbering" na anajua mwenyewe. Kijana wa bodaboda alikuwa wa mwisho kusoma. Bibi yake ametoka hospitali wiki iliyopita, na nyumba imejaa ndugu waliokuja kumpa pole. Akasimama, akasoma polepole: "The patient is outnumbered by the visitors, eleven to one."

Nikamuuliza kama ana uhakika na hiyo kumi na moja. Akasema amewahesabu asubuhi, wakati wa chai.